Kamati ya Kumchagulia Yael Chuo

Edgware, London
9 Juni 2024

Dada Aikande, shikamoo.

Sisi huku tunapumua. Naomi amepona mafua, na mama yake, Bibi Estelle, naye amepona mafua yaleyale kabla hata hajayaugua vizuri, kwa kuwa hapendi kupitwa na jambo. Mimi bado niko kwenye zamu ya mizigo kule Hayes na mgongo unanisema kila Jumatatu. Uliniambia tuache kuongelea mambo ya maana kwenye simu, maana kila nikipiga, jirani yako Mama Ndelilio anakuja kuomba chumvi na anakaa mpaka tumalize. Basi naandika, tarehe juu, bila kufutafuta, kama ulivyotufundisha darasa la tatu.

Jambo lenyewe ni Yael. Mwakani anaingia chuo kikuu, na mwaka huu lazima achague ni kipi. Nililitaja hilo Woolwich, kwenye ubatizo wa mtoto wa Angel, nikiwa na sahani mkononi, na hapo ndipo nilipokosea. Watu wetu unawajua. Kabla sijamaliza pilau kulikuwa na kamati. Mwenyekiti ni Muhsin wa Tanga, yule mwenye basi dogo la kukodisha. Katibu ni Angel. Mzee Hamad ni mlezi, kwa sababu hakuna cheo kingine kinachomfaa mtu anayesinzia. Mimi, baba mzazi, nimepewa ujumbe wa kawaida. Kikao kilifunguliwa kwa sala, mara mbili, ya Kiislamu na ya Kikristo, na Yael mwenyewe hakuwapo kusema ya kwake.

Vyuo vinavyozungumzwa ni viwili. Kimoja kina jina kubwa na mnara wa mawe uliojengwa enzi za wafalme, kwa hiyo tunakiita Chuo cha Mnara. Cha pili kiko mji mwingine, kimejengwa kwa matofali mekundu na hakuna aliyewahi kukisikia. Kamati yote iko upande wa Mnara. Yael hajasema yuko upande gani. Anachosema ni kwamba anataka kusomea udongo.

Usisahau pia kwamba mtoto anashika dini. Mama yake ni Myahudi, kwa hiyo kwa sheria yao Yael ni Myahudi kamili. Lakini Naomi hula kamba wa baharini, ambao dini yao imekataza, amesimama mbele ya friji na hana habari. Huyu binti alianza mwenyewe, akiwa na miaka kumi na minne: nyama na maziwa havikutani, nyama lazima iwe imechinjwa na mchinjaji wao, Jumamosi ni Sabato. Naomi ananiuliza kaitoa wapi tabia hiyo. Mimi namtazama usoni namwona wewe.

Nishauri, ila taratibu.

Mdogo wako,
Godbless


Machame
7 Julai 2024

Mdogo wangu Godbless, marahaba.

Barua yako nimeipokea, nimeisahihisha kwa wino mwekundu na nimeipa sitini na mbili kwa mia. Umepoteza alama kwenye mwandiko. Huku kahawa imebeba, mbuzi mweupe amezaa pacha, na bati la jikoni lililoruka wakati wa masika limerudishwa. Mama Ndelilio hajambo, yaani bado anaomba chumvi.

Sasa nakujibu. Sijasikia siku nyingi jambo lililo wazi kama hili. Mtoto anakwenda Mnara. Kijana wa posta amenionyesha picha yake kwenye simu na nimeona hata majani yanayopanda ukutani. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na saba, Godbless, na chuo nakitambua kwa ukuta wake. Hicho kingine kinafanana na kiwanda cha maziwa.

Kuhusu udongo, mweleze mwanangu kwamba udongo tunao. Alipokuja akiwa na miaka kumi na miwili alishinda chini ya migomba yangu na kijiko, akajaza chupa nzima, na mkanyang'anywa uwanja wa ndege. Nilidhani hilo lilimfundisha. Watu hawavuki bahari kusomea kitu wanachonawa mikono kukiondoa. Asome udaktari, ataona udongo siku ya mapumziko.

Huyo Bibi Estelle ana maoni gani? Muulize.

Na dini yake isikusumbue, iwe fahari yako. Hapa usharikani watu wanajua kwamba mtoto wa mdogo wangu ni wa taifa la Yakobo. Mama Ndelilio aliniuliza kama basi ni Wasabato, nikamwambia Wasabato wenyewe wameipata kwao. Aliondoka bila hata kuomba chumvi. Mchungaji naye anaulizia habari zake, na nimemdokezea kidogo tu.

Dada yako,
Aikande


Edgware
22 Septemba 2024

Dada, shikamoo.

Naomi anakusalimu. Bibi Estelle anakusalimu pia. Nilipomwambia kuwa unataka Mnara na udaktari alisema, "Dada yako ni mtu mwenye akili," halafu akaniuliza kama huko Mnara kuna vijana wa Kiyahudi warefu. Ana orodha yake kichwani: kwanza walinzi getini, maana siku hizi anawahofia Wayahudi wa vyuoni, pili udaktari, tatu mchumba. Mkikutana ninyi wawili, sisi wengine tuhame.

Safari ya kwenda kuona Mnara imefanyika. Nakueleza ilivyokuwa, na tafadhali usimsomee mtu.

Huku vyuo vina siku maalumu ya kufungua milango ili wanafunzi waje kutazama. Muhsin alitenga basi, Angel akagawa zamu za kupika, hotpoti zikapangwa. Kikao cha mwisho kilifanyika sebuleni kwangu. Tulimaliza yatokanayo, tukafika kwenye mengineyo, na Yael akashuka ngazi kuchukua maji. Akasikia tarehe. Akauliza kwa Kiingereza chake, kama kawaida, "Hiyo si Jumamosi?"

Dada, Angel aliweka kalamu chini. Watu kumi na wawili, miezi mitatu ya vikao, na hakuna hata mmoja, mimi baba yake nikiwamo, aliyekumbuka kwamba siku ya Sabato Yael hapandi gari. Hawashi taa, hagusi simu, anatembea kwa miguu kwenda sinagogi na kurudi. Nilitazama kalenda. Siku hizo za vyuo karibu zote ni Jumamosi.

Muhsin ndiye aliyefufua kikao. "Safari haivunjwi," alisema. "Basi lipo, mchele ushalowekwa. Yeye asende, sie twende. Tutamwonea." Hoja ikaungwa mkono. Yael alitutazama na gilasi yake mkononi, akacheka, akasema, "Mnakwenda kunitazamia maisha yangu?" Alicheka, nami nikadhani amefurahi.

Basi tukaenda kumi na wawili. Getini kila kundi linapewa kibandiko cha kifuani chenye jina la mwanafunzi. Yule dada wa mapokezi aliona jina moja tu kwenye kompyuta yake, naye alikuwa na roho nzuri, akatuandikia wote. Fikiria, Dada: Muhsin na kanzu yake chini ya koti, kibandiko kifuani, Yael. Angel na mtoto mgongoni, Yael na Yael. Mzee Hamad aliulizwa na profesa anachukua masomo gani shuleni, akamjibu, "Nimestaafu."

Muhsin aliwabana watu wa jikoni kwa maswali. Aliuliza kama sufuria za nyama na za maziwa zinatengwa, nani anachinja, wapi, na kama kuna mtu wa kuwasha taa Ijumaa usiku, Sabato inapoanza. Mpishi alimwuliza kwa heshima kama yeye ni rabi. Muhsin akasema hapana, yeye ni mwenyekiti.

Tulikula pilau letu chini ya mnara wako. Ni mkubwa kweli. Angel amepiga picha nyingi, nakuambatanishia tatu.

Godbless


Machame
27 Oktoba 2024

Mdogo wangu, marahaba.

Picha zimefika. Nimezipanga juu ya kabati la vyombo, na ile ya mnara nimeitilia fremu. Barua nimeipa sabini. Kwaya yetu imepata nafasi ya pili jimboni, ingawa sauti ya tatu ilistahili kuchapwa. Silali vizuri siku hizi. Mama Ndelilio amepata jogoo mpya, mwekundu, mkubwa, na amemjengea banda ukutani kabisa mwa chumba changu. Anawika kabla hata Mungu hajaamka.

Mpaka sasa Yael ameomba Mnara au hajaomba? Hukusema. Umeandika kurasa nne za pilau na hukusema hilo.

Nakuandikia kama dada mkubwa. Jambo hili lisigeuzwe tena. Kuna mambo yakishatamkwa mbele za watu hayarudi mdomoni, na sitaki kulieleza zaidi. Naomba tu uniandikie neno moja, "ameomba," nipate usingizi.

Msalimie Bibi Estelle. Mwambie kuhusu urefu wa vijana nakubaliana naye.

Aikande


Edgware
8 Desemba 2024

Dada, shikamoo.

Hatujambo. Baridi imeingia. Desemba hii hatutaweza kuja nyumbani, tusamehe. Yael ana mitihani ya majaribio. Angel ndiye anakuja Moshi na familia yake, na atakupitishia mzigo.

Ameomba. Ameomba vyote viwili, Mnara na Matofali, na vyote viwili kwa udongo.

Jumapili moja mwezi uliopita nilimpeleka Mnara mimi na yeye tu, bila kamati, ajionee mwenyewe. Aliuona. Tulirudi mapema.

Hapendi kulizungumza, nami sitaliandika leo.

Godbless


Machame
12 Januari 2025

Mdogo wangu, marahaba.

Mzigo umefika kwa mkono wa Angel, na yeye tumemkaribisha. Alipiga picha na video kila kitu, hata mbuzi. Nimemwomba asionyeshe watu vitu vya zamani alivyorushiwa na vijana wa kwaya, akasema sawa, lakini alisema akitafuna.

Krismasi bila ninyi ilikuwa fupi. Nilipika mtori wa ndizi kwa mazoea, sufuria kubwa, na nikaugawa. Umenieleza kwamba Yael hawezi kuula kwa kuwa una nyama pamoja na maziwa na siagi. Mimi nasema mtori bila maziwa ni chakula cha mgonjwa, lakini hiyo ni hoja ya siku nyingine.

Barua yako ya mwisho nimeipa thelathini. Mwandiko ulikuwa mzuri. "Tulirudi mapema" si jibu. Nilifundisha watoto miaka yote hiyo na najua mtoto anayesema "hakuna kitu" huku anatazama viatu. Nini kilitokea Mnara?

Aikande


Edgware
23 Machi 2025

Dada, shikamoo.

Naomi hajambo, Estelle hajambo, kazi ipo. Salamu zinaishia hapo, unisamehe.

Nitakuambia kilichotokea Mnara. Kulikuwa na ukumbi wa vyama vya wanafunzi, kila chama na meza yake. Yael alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya wanafunzi wa Kiyahudi. Alikuwa amevaa sketi yake ndefu na ile nyota ndogo ya Daudi shingoni aliyopewa na Estelle. Kijana pale mezani alisimama, akatabasamu vizuri kabisa, akasema, "Karibu. Umemsindikiza rafiki?" Yael akasema hapana, amekuja mwenyewe. Yule kijana akasema inapendeza sana watu wengine kujifunza mila zao. Yael akamwambia yeye ni Myahudi. Ndipo akaulizwa ni kwa mama au kwa baba, na mama anatoka wapi, na sinagogi gani. Hakuwa mkorofi, Dada. Alikuwa anauliza tu, na nyuma yake wenzake wakawa wamegeuka kusikiliza.

Akasogea meza ya wanafunzi wa Kiafrika. Walimpokea kwa kelele na kumkumbatia. Halafu binti mmoja akaishika ile nyota, akamwuliza kama ni urembo tu au vipi, na kwa nini avae kitu kama hicho siku hizi. Yael akaanza kueleza upya. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika makoti.

Garini alisema, nakutafsiria: "Baba, pale lazima nianze na maelezo kabla sijaanza kuishi."

Mwezi uliopita, wakati wa likizo fupi, tulikwenda Matofali. Ilikuwa Alhamisi, na tulipotea. Mahali tulipoelekezwa ni nyumba tu ya kawaida ambayo wanafunzi wa Kiyahudi wanapikia. Nilikuwa natafuta pa kuegesha gari, na nilipoingia Yael hakuwapo sebuleni. Nilimkuta jikoni amefunga aproni. Msichana mmoja mwenye nywele mbichi alikuwa amempa kisu na beseni la viazi bila hata kumwuliza jina. Wakati mimi nasimama mlangoni yule msichana alikuwa anamwuliza, "Wewe Ijumaa utaleta nini?" Yael akasema, "Ndizi." Yule akasema, "Poa, wa saladi tunao wengi mno." Basi. Hakuna aliyeuliza kitu kingine mpaka viazi vikaisha.

Vyuo vyote viwili vimemkubali. Amechagua Matofali. Kamati imelipokea kwa masikitiko na kuandika katika kumbukumbu kwamba haikushirikishwa. Estelle alilia kidogo, halafu akaulizia getini kukoje.

Sasa nafika kwako. Wiki tatu zilizopita, Jumapili, tulikuwa Woolwich kwa Muhsin, na Angel akaunganisha simu yake kwenye televisheni atuonyeshe Machame. Tukaona mbuzi. Tukaona kwaya. Halafu tukakuona wewe, Dada, mbele ya kanisa, na kitenge kipya, umemnyanyua jogoo mwekundu kwa mbawa. Ukasema binti wa Israeli, wa damu ya Daudi, mtoto wa mdogo wako, ameingia Chuo cha Mnara, na jogoo huyo ni shukrani. Vigelegele. Baada ya ibada jogoo akapigwa mnada pale nje, na Mama Ndelilio akampata. Mzee wa kanisa mmoja akasikika akiuliza kama huyo binti anaweza kuandikiwa majina ya wagonjwa awaombee, na mwingine akaulizia mvua.

Ile ibada, kwa tarehe ya video, ilikuwa ya Julai! Mtoto alikuwa hajaandika hata ombi. Kumbe ndiyo maana unanisukuma, kumbe ndiyo maana hulali. Unasikiliza shukrani yako ikiwika upande wa jirani.

Ningecheka, kweli ningecheka, na Muhsin alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Yael alikuwepo. Kiswahili anakielewa chote, hata kama hajibu. Alisubiri mpaka mwisho, akasema, "Kwa Shangazi pia mimi ni maonyesho." Njiani akaniambia Desemba ijayo tukija nyumbani, yeye atabaki na Estelle. Na anakupenda, Dada. Hilo ndilo linaloniuma. Miaka yote, akiulizwa alianza lini kupenda udongo, anasema chini ya migomba ya Shangazi.

Sijui uandike nini. Lakini usiandike kwangu tu.

Godbless


Machame
24 Agosti 2025

Mdogo wangu Godbless, marahaba.

Ni miezi mitano sijakuandikia. Nilianza mara nyingi na kila mara nikajipa alama za chini.

Ujumbe wako wa simu kwamba Yael amefaulu niliupata. Nilifurahi nikiwa peke yangu, mlango nimefunga, kwa sababu safari hii nilitaka kwanza nifurahi bila kumtangaza. Mbuzi wamekua. Kahawa ya mwaka huu ni haba.

Barua yako ilinikasirisha. Nilisema moyoni, nimemfanyia nini huyo mtoto zaidi ya kujivunia? Nilikaa na hasira hiyo tangu masika mpaka mwezi wa saba. Halafu mchungaji alituletea mgeni, binti wa Kizungu, na wakamsimamisha mbele, na kila mtu akamtazama, na mama mmoja akamshika nywele. Yule binti alitabasamu, lakini mikono alikuwa ameikunja. Nikamwona Yael. Alipokuja kwetu, watu walimiminika kumwona uani, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwakaribisha kwa chai. Yeye alikwenda chini ya migomba na kijiko. Nilidhani anapenda udongo. Labda alikuwa anapenda udongo, na labda pia kule hapakuwa na watu. Nimeona aibu, Godbless. Nimeona aibu sana.

Leo nimesimama wakati wa matangazo. Katibu wa usharika aliniuliza tangazo linahusu nini, nikamwambia akae. Nilisema hivi: mwaka jana niliwaambia mtoto wa mdogo wangu ameingia Chuo cha Mnara. Hakuwa ameingia, na baadaye mlango ulipofunguka hakutaka kuingia. Anakwenda chuo cha matofali ambacho hamjakisikia, wala mimi sikuwa nimekisikia, kusomea udongo, kama huu mnaoukanyaga mkaudharau. Nilimwita binti wa Israeli. Jina lake ni Yael, mtoto wa Godbless na Naomi, ana miaka kumi na minane na hapendi kutazamwa. Ni Myahudi kama mimi nilivyo Mlutheri, yaani siku saba kwa wiki na bila kuombwa maelezo. Akija hapa mtamsalimia kama mnavyomsalimia mtoto yeyote, na hakuna atakayempelekea majina ya wagonjwa.

Yule mzee wa mvua akauliza, "Na mvua?" Nikamwambia amwombe Mungu mwenyewe, anwani anayo.

Sikujua kwamba Mama Ndelilio amekuja na jogoo kwenye kapu. Mtu alimnong'oneza mapema nitasema nini. Baada ya ibada akamtoa, akasema mbele ya wote kwamba shukrani ya uongo haifai kukaa bandani kwake, apigwe mnada upya. Nikanyoosha mkono. Naye akanyoosha, kwa ukorofi tu. Tukapandishana bei mpaka mayai yote na ndizi zote zikawa zimeshauzwa na watu bado wamesimama kutazama. Nimempata. Nimembeba kwapani barabara nzima, mwalimu mkuu mstaafu, anawika njiani.

Nilikusudia kumchinja leo hii hii. Nikanoa kisu, nikaweka maji jikoni. Halafu nikakumbuka kwamba nikimchinja mimi, Yael hawezi kumla, na hapa Machame hatuna mtu anayechinja kwa namna yao. Nikaona basi, kama yeye hawezi kumla, hataliwa na mtu. Nimemfungulia ua.

Mpe mwanangu na haya. Jumanne nilipika mtori bila maziwa wala siagi. Achemshe mfupa wenye uboho, wa ng'ombe aliyechinjwa kwa namna yao, taratibu, ndizi zikiiva aziponde humohumo, mafuta ya mfupa yanatosha. Vitunguu viwe vingi. Asiwape wenzake wakati umepoa. Nilisema ni chakula cha mgonjwa. Nimekula sahani mbili.

Sitaki umlazimishe kuja Desemba. Asipokuja, jogoo ataishi hivyohivyo. Akija, aje na vyombo vyake vya kuchimbia, maana chini ya migomba hajamaliza. Uani nitafunga lango. Chai nitamwekea yeye tu.

Barua yako ya Machi sikuisahihisha.

Dada yako,
Aikande


Edgware
14 Septemba 2025

Dada, shikamoo.

Sote hatujambo. Yael anahamia Matofali Jumapili ijayo. Muhsin amejitolea basi, na safari hii kamati ilikagua kalenda kwanza, ikapitisha azimio. Mzee Hamad anakuja kumsindikiza, atalala njia nzima. Estelle amemfungia vyombo viwiliviwili, vya nyama na vya maziwa, nyumba yetu imegeuka duka.

Barua yako nilimsomea mezani, neno kwa neno. Alichukua ile karatasi yenye maelezo ya mtori, akaikunja, akaiweka mfukoni, akapanda juu. Nikajua yamekwisha vibaya. Nikaosha vyombo.

Baadaye akashuka, akasimama mlangoni mwa jikoni. Akaniuliza kwa Kiswahili, Dada, kwa Kiswahili chake cha kusitasita ambacho sijakisikia tangu akiwa mdogo:

"Jogoo ana jina?"

Nikamwambia sijui, hukuandika.

Akasema msimpe. Atakuja kumpa mwenyewe.

Mdogo wako,
Godbless